Ujasiriamali

Ujasiriamali ni shughuli ya kuanzisha na kuendesha biashara au mradi kwa kutumia mtaji, kazi na maarifa bila kuwa na hakika kama matokeo yatakuwa faida au hasara. Anayefanya hivyo huitwa mjasiriamali.

Si kila mfanyabiashara huhesabiwa kuwa mjasiriamali, wala si kila mjasiriamali ana kampuni, duka au leseni. Wachumi, watunga sheria na watu wa kawaida hulitumia neno hili kwa watu walio mbali sana kimaisha, kuanzia mwenye viwanda hadi muuza maandazi kando ya barabara. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu anayetambuliwa kuwa mjasiriamali anaweza kupata mkopo, kitambulisho au eneo la kufanyia biashara, na pengine kwa kutambuliwa hivyohivyo akakosa haki za mfanyakazi.

Neno

Neno ujasiriamali limeundwa kwa kuunganisha ujasiri na mali. Kifaransa, ambacho ndicho asili ya neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya, husema entrepreneur, yaani mtu aliyejitwika kazi fulani ili aitekeleze. Kiswahili kimeweka mkazo kwenye moyo wa kuthubutu, wakati Kifaransa kinatazama zaidi kazi yenyewe.

Maneno ya zamani zaidi ni mfanyabiashara, mchuuzi na tajiri. Hili la mwisho kwa Kiarabu lina maana ya mtu wa biashara. Katika Kiswahili limekuja kumaanisha mwenye mali nyingi, na pia mwajiri au mmiliki wa chombo: dereva wa daladala humwita mwenye gari "tajiri" hata kama tajiri huyo ni mwalimu aliyekopa ili kununua gari moja.

Maana katika nadharia za uchumi

Wa kwanza kulipa neno hili nafasi katika elimu ya uchumi alikuwa Richard Cantillon, mfanyabiashara wa fedha mzaliwa wa Ireland aliyeishi Ufaransa. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, miaka mingi baada ya kifo chake. Aliwagawa watu katika makundi mawili, yaani wenye kipato kinachojulikana, kama watumishi wa mshahara, na wenye kipato kisichojulikana. Mjasiriamali kwake ni yule anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Kipimo hicho ni kipana mno. Cantillon aliwaingiza humo wakulima, wauza duka, mafundi, na hata ombaomba na wezi, kwa kuwa nao hawajui siku itawaletea nini.

Jean-Baptiste Say, Mfaransa aliyeandika mwaka 1803, alimtazama mjasiriamali kama mtu anayekusanya ardhi, kazi na mtaji na kuviunganisha ili vizalishe kitu. Kwa maelezo yake mwenye fedha na mjasiriamali wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Mwaka 1921 Mmarekani Frank Knight aliongeza tofauti kati ya hatari inayoweza kupimwa na mashaka yasiyopimika. Hatari ya nyumba kuungua inaweza kukatiwa bima. Swali la kama wateja watapenda bidhaa mpya halina bima, na faida ya mjasiriamali hutoka hapo.

Joseph Schumpeter, mchumi kutoka Austria, alikwenda njia nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1911. Kwake mjasiriamali ni mleta mabadiliko: anayeanzisha bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mpangilio mpya wa shughuli. Alikataa kwamba kubeba hasara ndiyo alama ya mjasiriamali, kwa sababu hasara humwangukia aliyetoa fedha. Alisema pia kwamba ujasiriamali si cheo cha kudumu. Mtu huacha kuwa mjasiriamali pale anapokaa kuendesha biashara yake kama wengine wanavyoendesha za kwao. Kwa kipimo hiki wengi wanaoitwa wajasiriamali leo wangebaki nje.

Israel Kirzner alirudi sokoni mwaka 1973 na kusema kwamba mjasiriamali ni mtu mwenye jicho. Huona tofauti ya bei au hitaji ambalo wengine wamelipita, kisha hulitumia.

Nani ni mjasiriamali

Nadharia hizo zikiwekwa mbele ya watu halisi wa Afrika Mashariki hutoa majibu yanayopingana.

Mama lishe hununua mchele, maharage, mafuta na mkaa asubuhi kwa bei anayoijua, akapika, kisha akasubiri wateja. Mvua ikinyesha na mafundi wasipokuja kazini, chakula hubaki. Kwa Cantillon yeye ni mjasiriamali kamili. Kwa Schumpeter si mjasiriamali, labda siku alipokuwa wa kwanza kupeleka chakula mahali ambapo hakukuwa na anayepika.

Kijana wa bodaboda mara nyingi hamiliki pikipiki. Hupeleka "hesabu" kwa tajiri, kiasi kilichopangwa, awe amepata abiria au hakupata. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chake. Wengine huwa na mkataba ambao ukimalizika pikipiki inakuwa mali yao. Watu wengi wangesema mjasiriamali hapa ni tajiri, kwa kuwa ndiye aliyetoa mtaji. Lakini tajiri anayepokea kiasi kilekile kila siku anafanana zaidi na mwenye nyumba anayepokea kodi, ingawa wizi na ajali bado vinamtisha. Mashaka ya kila siku yako kwa kijana.

Huduma ya M-Pesa inaonyesha upande mwingine. Ilizinduliwa Kenya na Safaricom mwaka 2007, baada ya kubuniwa na waajiriwa wa Vodafone kwa msaada wa fedha za maendeleo za Uingereza. Waliobuni walikuwa na mishahara, hivyo Cantillon asingewahesabu. Schumpeter angewaweka mbele ya wote. Mawakala nao, ambao wengi ni wafanyabiashara wadogo walioweka fedha zao kama floti, hawakubuni chochote, lakini bila wao huduma isingefika vijijini.

Watafiti hutenganisha pia ujasiriamali wa fursa na ujasiriamali wa lazima. Wa kwanza hufanywa na mtu aliyeona nafasi nzuri kuliko kazi aliyonayo. Wa pili na mtu asiye na kazi nyingine ya kumlisha. Mgawanyo huu ulienezwa na utafiti wa kimataifa wa Global Entrepreneurship Monitor, ulioanza mwaka 1999. Una udhaifu wake, kwani mtu aliyeanza kuuza mitumba kwa kukosa ajira anaweza miaka mitano baadaye kukataa ajira akiletewa.

Historia katika Afrika Mashariki

Biashara yenye mashaka makubwa si ngeni katika eneo hili. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani kwenda bara iligharimiwa kwa mikopo. Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, alimkopesha Tippu Tip, na Sewa Haji wa Bagamoyo alijulikana kwa kuwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi. Msafara ungeweza kuchukua miaka kabla ya kurudi na pembe za ndovu, na bei ya pembe wakati huo hakuna aliyeijua wakati wa kuondoka. Biashara hiyo ilikwenda pamoja na utumwa, jambo ambalo maelezo ya kuwasifu wafanyabiashara hao hayapaswi kuliruka.

Wakati wa ukoloni baadhi ya Waafrika waliingia sokoni kwa pamoja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU.

Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitaifisha mabenki na makampuni makubwa, na viongozi walikatazwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Biashara binafsi ilitazamwa kwa shaka. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitumika kuwakamata watu wa Dar es Salaam walioonekana hawana kazi ya uzalishaji na kuwapeleka vijijini, na wachuuzi wa mitaani walikuwa miongoni mwao. Baadaye jina hilohilo la nguvu kazi lilikuja kuwa la leseni ya wafanyabiashara wadogo. Mabadiliko yalianza chini ya rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985 na kupewa jina la Mzee Ruksa. Miongoni mwa waliojulikana katika kipindi hicho ni Reginald Mengi, mhasibu aliyeanza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake na kufikia kumiliki viwanda na vyombo vya habari. Alifariki mwaka 2019.

Kenya haikupitia njia hiyo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ilikuwa kati ya maandishi ya kwanza kusema kwamba mafundi na wachuuzi wasio rasmi wanazalisha na kuajiri, na si mzigo wa kuondolewa mijini. Mafundi hao waliokuwa wakifanya kazi bila paa waliitwa jua kali, na jina hilo likaingia katika nyaraka za serikali.

Sheria na sera

Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 kuhusu viwanda vidogo na biashara ndogo huita biashara "ndogo sana" ile yenye wafanyakazi wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 hupima kwa wafanyakazi wasiofika 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 za Kenya kwa mwaka. Vipimo hivi hutazama ukubwa tu. Havisemi chochote kuhusu ubunifu.

Mnamo Desemba 2018 rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa watu ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kila kimoja kililipiwa shilingi 20,000. Kwa machinga, kitambulisho kilimaanisha kupanga bidhaa bila kufukuzwa na mgambo wala kudaiwa ushuru wa kila siku. Kinga hiyo haikudumu: mwaka 2021 wachuuzi wa miji mingi walihamishwa kutoka kando ya barabara kwenda maeneo yaliyotengwa, ambako baadhi yao walilalamika kwamba wateja hawafiki.

Kuhusu mtaji, halmashauri za Tanzania hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa kwa muda mwaka 2023 kutokana na matatizo ya usimamizi na urejeshaji. Nchini Kenya mfuko wa Hustler Fund, uliozinduliwa Novemba 2022, ulianza kwa kukopesha kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa simu. Hata hivyo wengi huanza bila serikali wala benki, kwa akiba, fedha za ndugu, upatu, vikoba na vyama.

Ukosoaji

Mchumi William Baumol aliandika mwaka 1990 kwamba watu wenye moyo wa ujasiriamali hupatikana katika kila jamii, lakini kanuni za jamii ndizo zinazoamua waelekee wapi. Panapolipa zaidi kutafuta zabuni kwa rushwa au kupora kuliko kuzalisha, wao watakwenda huko.

Lawama nyingine ni kwamba neno hili hutumika kuficha ukosefu wa ajira. Mhitimu wa chuo anayeambiwa "jiajiri" bila mtaji wala soko hupewa jina la mjasiriamali, na jukumu la kutafuta kazi linahama kutoka kwa serikali na waajiri hadi kwake.

Makampuni ya usafiri kwa programu za simu nayo huwahesabu madereva wake kuwa watu waliojiajiri. Mwezi Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa hoja hiyo katika kesi ya Uber. Majaji walizingatia kwamba kampuni ndiyo inayopanga nauli na masharti ya mkataba, na kwamba dereva hana njia ya kuongeza kipato chake isipokuwa kuendesha saa nyingi zaidi. Madereva wakahesabiwa kuwa wafanyakazi, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.