Mnyaa Haukuhama

Ukipita kati ya Kasulu na Kibondo unaweza kuona minyaa imesimama mstari porini, nyumba hakuna. Hilo ni hame. Hapo waliishi watu.

Zamani Waha walikaa kwa kutawanyika vilimani, kila mji na migomba yake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma: watu wahamie vijiji vya ujamaa, wakae kwa mistari. Nyumba nyingi ziliachwa zikaanguka. Migomba bila mpaliliaji ikamezwa na majani. Mnyaa ukabaki, maana haudai mbolea, na utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta.

Bibi yangu alihama na mzigo kichwani, juu yake vijiti vya mnyaa. Wakamcheka: eti huyu anabeba kuni mbichi! Yeye akavichomeka ardhini tu, vikashika.

Sasa nimepata kiwanja changu. Rafiki zangu wanasema panda bogenvilia, inapendeza. Sawa, nitaiweka mlangoni. Nyuma mpera na mparachichi, watoto wale. Yote mitatu asili yake ni Amerika, lakini nani leo ataiita migeni?

Ila mpakani nitachomeka mnyaa wa bibi. Mwaka jana nilimwuliza hame lake liko wapi. Hakujibu kwa maneno. Alinipeleka hadi kilimani, akashika tawi moja, akasema, "Mlango ulikuwa hapa."

Hati hana. Ushahidi wake ni ule mstari wa minyaa.