Helikopta Zilizoachwa Angani

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walikuwa wakiunda programu za kurusha helikopta katika mazoezi ya vita yanayoigizwa ndani ya kompyuta. Kila helikopta ilikuwa na rubani wake wa programu, anayejiamulia mambo mwenyewe. Safari moja helikopta ya upelelezi ilitangulia, ikagonga mlima na kuanguka. Kikosi kizima kilichokuwa kikisubiri taarifa yake kikaendelea kusubiri bila kikomo. Safari nyingine kamanda alitambua kwamba kazi imekwisha, akageuza akarudi kambini peke yake, huku wenzake wakibaki wanaelea pale pale. Milind Tambe aliyasimulia makosa haya katika makala yake ya mwaka 1997, na kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzito zaidi katika historia ya utafiti wa mashine zinazoshirikiana. Marubani walikuwa hodari na mpango walikuwa nao. Kilichokosekana ni deni la taarifa baina yao, yaani wajibu wa kujulishana, na deni hilo ndilo msingi wa ushirikiano wa mashine.

Waasisi wa fani hii hawakuanzia hapo. Mwaka 1980, mwaka ambao watafiti wa akili bandia iliyotawanywa walifanya warsha yao ya kwanza huko MIT, Reid G. Smith alichapisha utaratibu wa kugawana kazi kwa zabuni. Kompyuta yenye kazi inaitangaza. Zenye uwezo zinaleta maombi. Mwenye kazi anachagua, mkataba unafungwa, na matokeo yanarudishwa kwake. Ulikuwa utaratibu mzuri, hasa kwa vitambuzi vilivyosambazwa eneo kubwa bila mkuu mmoja wa kuviamuru, na hadi leo unafundishwa. Lakini mkataba wa zabuni unamfunga mtoa kazi na mpokeaji wake. Wapokeaji wawili walioshinda vipande viwili vya kazi moja hawadaiani kitu kwa mkataba huo. Mmoja akikwama, si lazima mwenzake ajue.

Pengo hilo lilipata hoja kamili kwa Philip Cohen na Hector Levesque, katika maandishi yao ya mwaka 1990 na 1991. Walianza na barabara. Madereva wanaofuata sheria wanapishana salama, tena kwa mpangilio mzuri, lakini hawafanyi jambo pamoja. Magari ya msafara mmoja yanafanya. Tofauti waliiandika kwa lugha ya mantiki: mwanachama wa kundi akigundua peke yake kwamba lengo limetimia, au haliwezekani, au halina maana tena, bado hajawa huru. Anabaki na wajibu wa kuhakikisha wenzake nao wanajua. Ukiipitisha sheria hiyo juu ya helikopta za Tambe, kosa la kamanda linaonekana mara moja.

Mtu anaweza kusema kwamba zile zilikuwa hitilafu za kawaida, zingezibwa kwa maagizo machache ya ziada. Hilo lilijaribiwa kwanza. Maagizo maalumu yaliongezwa, na makosa mapya yakaendelea kuchomoza mahali ambapo hakuna aliyeyatarajia, kwa kuwa hapakuwa na kanuni ya jumla ya kuyabashiri. Ndipo Tambe akajenga STEAM, mfumo uliochukua kanuni za Cohen na Levesque pamoja na nadharia ya mipango ya pamoja ya Barbara Grosz na Sarit Kraus. Mfumo uleule ulitumika kwa helikopta za mashambulizi, kwa helikopta za usafirishaji, na kwa timu ya kandanda ya kompyuta iliyoshika nafasi ya tatu katika ligi ya uigaji ya RoboCup ya kwanza, Nagoya, mwaka huohuo wa 1997. Kiraka cha hitilafu moja kisingefika mbali hivyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Marco Dorigo, katika tasnifu yake ya mwaka 1992 huko Milano, alionyesha programu zinazoiga sisimizi zikitafuta njia fupi kwa kufuata alama zinazoachwa njiani, bila ahadi yoyote. Ni kweli, na ni kazi ya kupendeza. Ila sisimizi mmoja akipotea kundi halipungukiwi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsubiri. Deni la taarifa linazaliwa pale kazi ya mmoja inapotegemea ya mwingine. Na anayehofia gharama ya kuzungumza kila mara, au sikio la adui, STEAM ilimjibu: ilipima gharama ya ujumbe dhidi ya hasara ya kukaa kimya kabla ya kuutuma.

Sasa programu zenye modeli kubwa za lugha zinaunganishwa kuwa timu. Ningewasihi wanaoziunda wasiishie kwenye zabuni ya mwaka 1980. Kabla hawajagawa kazi, waandike wazi nani anapaswa kumjulisha nani lengo linapovunjika.