Kitabu cha Mjane wa Hamburg

Zipo kumbukumbu zilizoandikwa na wafalme, na zipo zilizoandikwa na mawaziri wao. Hizo aghalabu hukusudiwa kusomwa na walimwengu. Kitabu nitakachokizungumza hapa hakikukusudiwa hivyo. Kiliandikwa na mama kwa ajili ya watoto wake, katika usiku ambao msiba ulimnyima usingizi, nacho kilibaki katika maandishi ya mkono zaidi ya miaka 170 kabla ya kupigwa chapa.

Mwandishi alikuwa Glikl binti Judah Leib, mzaliwa wa Hamburg wa mwaka 1646 au 1647. Jina la Glückel wa Hameln, ambalo wengi wetu tumelizoea, alilipata kwa David Kaufmann, mwanachuoni aliyekipiga chapa kitabu mwaka 1896. Hameln ulikuwa mji wa mumewe; yeye alikaa huko kama mwaka mmoja tu baada ya harusi. Na ile picha inayoonyeshwa mara nyingi kuwa ndiyo sura yake ni picha ya Bertha Pappenheim, mtu wa ukoo wake, aliyekifasiri kitabu kwa Kijerumani mwaka 1910 na kuvaa mavazi ya kale ili achorwe. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyejieleza kwa uwazi mkubwa hivi amebadilishwa jina na sura na watu waliompenda.

Aliolewa akiwa na umri wa miaka 14, mumewe akiitwa Chaim, mfanyabiashara wa dhahabu na lulu. Alizaa mara nyingi, na watoto 12 walikua wakaoa na kuolewa. Maisha ya Wayahudi wa Hamburg hayakuwa na uthabiti. Alipokuwa mtoto mdogo, Wayahudi wa Kijerumani walifukuzwa mjini wakahamia Altona, chini ya mfalme wa Denmark, na mtu aliyetaka kurudi Hamburg kutafuta riziki alilazimika kununua hati ya ruhusa. Hatari hiyo Glikl haielezi kwa maneno ya kisiasa. Anaieleza kama mtu aelezavyo hali ya hewa.

Habari ambayo mwanahistoria hataipata kwingine kwa utamu huu ni ile ya miaka ya 1665 na 1666, Sabbatai Zevi wa Izmir alipotangazwa kuwa ndiye Masihi. Vitabu vya wanachuoni hutueleza mabishano ya marabi. Glikl anatueleza mapipa. Baba mkwe wake aliacha nyumba yake Hameln akahama, akapeleka Hamburg mapipa makubwa yaliyojaa nguo za kitani na vyakula vikavu: njegere, maharagwe, nyama iliyokaushwa, vitu viwezavyo kudumu njiani. Mzee alitazamia kwamba wakati wowote wataitwa kupanda chombo kwenda Nchi Takatifu. Septemba 1666 Sabbatai akasilimu mbele ya Sultani, na mapipa yakaendelea kungoja siku nyingi, hata ikahofiwa kwamba chakula kitaoza na kuharibu kitani. Sidhani yupo mwandishi aliyepima tumaini la watu na kuvunjika kwake kwa kipimo kilicho wazi zaidi.

Januari 1689 Chaim alianguka juu ya jiwe lenye ncha akiwa katika shughuli zake, na baada ya siku chache akafa. Glikl alikuwa katika siku zake, na sheria ilimkataza kumgusa mumewe kabla ya josho la tohara. Alitaka kumkumbatia, naye akamkataza kwa upole, akisema kwamba josho halikuwa mbali. Mauti yalitangulia. Anayasimulia hayo pasipo kuilaumu sheria na pasipo kuficha uchungu wake, na msomaji anaachwa ayabebe yote mawili. Chaim alipoulizwa wasia wake, alijibu kwamba mkewe anajua kila kitu. Ndivyo ilivyokuwa: mjane alilipa madeni ya Reichstaler 20,000, akafungua kiwanda cha soksi, akasafiri magulioni Leipzig na Braunschweig.

Alianza kuandika mnamo mwaka 1691, kwa Kiyidishi na herufi za Kiebrania. Mwanzoni kabisa aliweka hadithi ya ndege aliyevusha makinda yake matatu baharini wakati wa dhoruba, mmoja mmoja. Kila kinda aliulizwa atamtendea nini baba yake uzeeni. Wawili waliahidi kumtunza, akawaangusha majini kwa kuwa walisema uongo. Wa tatu alisema hawezi kuahidi hilo, ila atawatendea watoto wake kama alivyotendewa. Huyo alifikishwa pwani.

Hadithi hiyo ilikuja kumhukumu mwenyewe. Mwaka 1700, akiogopa kuwa mzigo kwa watoto wake, aliolewa na Hirsch Levy, mwenye benki wa Metz katika Ufaransa. Mwaka 1702 Levy alifilisika, na mali ya Glikl ikapotea pamoja na yake. Levy alikufa mwaka 1712. Mjane alipanga chumba kibaya kuliko kula mezani kwa mkwewe, hata mwaka 1715 ugonjwa na uzee vikamshinda, akahamia kwa binti yake Esther. Anakiri kwamba alikataa muda mrefu, kisha anasifu heshima anayopewa na vyakula anavyowekewa. Kumbe kinda mmoja alimtunza baba ndege, wala hakuwa ameahidi. Glikl hairudii hadithi yake ili kuisahihisha; pengine hakuona haja, au pengine aliona haya.

Habari yake ya mwisho ni ya mwaka 1719. Mwanamke mmoja alikuwa akisugua vyombo usiku kando ya mto Moselle, akaona mbingu zimefunguka na kung'aa kama mchana, kisha zikafungika. Glikl aliomba iwe ishara njema, akaweka kalamu. Alifariki Metz mwaka 1724, na mwanawe Moses, aliyekuwa rabi Baiersdorf, akakinakili kitabu cha mama yake kwa mkono.