Viwambo Viwili

Umepata kutazama ngoma ikiwambwa, msomaji wangu? Ngozi huvutwa juu ya mzinga ikakazwa, nawe ukiibonyeza kwa kiganja huingia ndani kidogo, na ukiiachilia hurudi. Ngozi ile ni kiwambo. Lishike neno hilo, maana tutalikuta tena mbali sana na ngoma.

Tamaa ya kupandisha maji ni ya kale. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo aliishi Alexandria, nchini Misri, fundi jina lake Ktesibios. Huyo ndiye asifiwaye kwa kubuni pampu ya silinda mbili: pistoni moja ikipanda, ya pili hushuka, hata maji yakatoka pasipo kukoma. Fikira hiyo ya ndugu wawili wapokezanao kazi haikufa.

Lakini pampu za kuvuta zilikuwa na fumbo. Mwaka 1638 Galileo aliandika kwamba pampu ya namna hiyo, hata ikiwa nzima, haivuti maji kupita dhiraa 18, yaani karibu mita 10. Hata yeye, mwenye akili nyingi vile, alikosea sababu: alidhani maji hukatika kwa uzito wake kama kamba. Torricelli, aliyemsaidia katika siku zake za mwisho, ndiye aliyefumbua. Mwaka 1644 alieleza kwamba sisi hatuyavuti maji. Hewa ituzungukayo ndiyo iyasukumayo, na nguvu zake zina mpaka.

Pistoni nayo ina adui. Hujisugua ndani ya silinda, na mchanga ukiingia huila. Ndipo mwaka 1955, huko California, Marekani, Jim Wilden alipobuni pampu ya viwambo viwili iendeshwayo kwa hewa. Viwambo vyenyewe ni vya mpira, navyo vimefungwa kwenye ncha mbili za fimbo moja. Hewa iliyoshindiliwa huingia nyuma ya kiwambo cha kulia. Kiwambo hicho husukuma maji yaliyo mbele yake yatoke, na papo hapo fimbo hukivuta cha kushoto, chumba chake kikajaa maji mapya. Ikifika mwisho, kilango hugeuza njia ya hewa, na zamu hubadilika. Gololi nne huzuia maji yasirudi yalikotoka. Hakuna injini ndani yake, hakuna umeme, na tope haliitishi.

Kwa sababu hiyo watu huiamini kupita kiasi. Petroli ipitapo kwa kasi mipirani huzaa umeme tuli, na cheche moja yatosha kuteketeza ghala. Basi pampu ya chuma huungwa na ardhi kwa waya kabla ya kazi kuanza, na ile ya plastiki ya kawaida haikaribishwi petroli kamwe. Tena, tazama daima tundu la kutolea hewa. Likitema matone, ujue kiwambo kimepasuka. Funga hewa mara moja.

Hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ukimya. Ukiziba njia ya kutokea maji, pampu hii haivunjiki. Husimama tu, ikingoja, na hewa yote imebana ndani yake. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilimwona kibarua mmoja akitoa tope katika shimo la msingi. Mpira uliziba, pampu ikanyamaza, naye akadhani imekufa. Hakufunga hewa wala hakuipunguza. Alilegeza mpira kwa mikono yake, uso wake ukiwa juu yake. Tope lilimpiga machoni, akaanguka chali, tukamwosha kwa maji safi hadi alipoweza kutuona. Pampu ile ilikuwa ya kukodi. Juma lililotangulia, kiwandani, ilikuwa ikihamisha tindikali.