Suke la Rangi Mbili

Njia ya Musoma kwenda Bunda, hasa pale mifugo ilipomaliza nyasi, humfikisha mtu kwa mkingiri: kichaka chenye miiba na vijani vidogo kama vya mgunga. Msimu wake ukifika huning'iniza maua, kila moja nusu ya juu zambarau iliyopauka, nusu ya chini manjano.

Nimesema "kila moja", na hapo nimekosea. Kinachoning'inia ni maua mengi madogo yasiyo na vikonyo, yaliyoshikana kwenye mhimili mmoja. Kwa mpangilio huo napendekeza istilahi *suke*. Jina lenyewe la kitaalamu, *Dichrostachys cinerea*, linatuelekeza huko: neno la kwanza limeundwa kwa Kigiriki kumaanisha suke la rangi mbili, na la pili ni Kilatini, rangi ya majivu.

Rangi hizo zimegawana kazi. Maua ya manjano yana chavua na ovari, nayo ndiyo yanayozaa. Ya zambarau ni tasa. Yamebaki na nyuzi ndefu zinazoonekana kwa mbali.

Mkulima wa mtama wa Butiama atanibishia: suke alijualo yeye lina vitawi. Ni kweli, na kwa mizani ya botania la kwake ni suke lenye vitawi, si suke tupu. Lakini neno la kila siku likiingia darasani hupunguzwa upana. Katika fizikia, *kazi* ni kani mara umbali. Mlinzi aliyesimama langoni usiku kucha, kwa hesabu hiyo, hajalifanyia lango kazi yoyote. Hakuna aliyedai tulitupe neno *kazi*. Nalo suke linastahimili mpaka wake.

Faida ya istilahi hii huonekana maua yakishapukutika. Mchunga mbuzi hukuta maganda yamejisokota, yamefungamana kama kishada kwenye ncha ya kikonyo kimoja. Mbuzi huyala, na mbegu nyingine hutoka salama kwenye kinyesi. Ndivyo mkingiri unavyoenea, tena ukikatwa huchipua mizizini. Katika jamii ya kunde, ua moja huzaa ganda moja. Anayeuita ule mning'inio "ua" hataweza kueleza maganda yote hayo yametoka wapi. Anayeuita suke ameshajibu: kila ganda lilikuwa na ua lake, upande wa manjano.