Shikamoo: Salamu Iliyobadili Bwana



Disemba iliyopita, hapa Nangara, mpwa wangu alirudi likizo kutoka chuoni. Aliingia uani kwa mama yangu, akampa mkono, akasema, "Habari za hapa, bibi?" Mama aliupokea ule mkono, lakini hakujibu. Alikuwa anangoja neno, na neno halikuja. Nilipomuuliza kijana faraghani, alinijibu bila jeuri: "Mjomba, shikamoo ni salamu ya watumwa. Nampenda bibi, ndiyo maana sitaki kumsalimu kitumwa."

Mama hakugomba. Usiku tu ndipo aliponiambia kwamba mjukuu wake amemsalimu kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Makala haya nimeyaandika kwa ajili yao wote wawili, kwa kuwa kila mmoja ana sehemu yake ya haki.

Nianze na haki ya kijana. Shikamoo ni ufupisho wa "nashika moo", yaani nashika miguu yako. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliitaja kuwa ni salamu ya aliye chini kwa aliye juu yake. Na katika Unguja ya mwaka ule, aliye chini kabisa alijulikana. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba baina ya Sultani Barghash na Waingereza. Utumwa haukuondolewa katika sheria za Unguja na Pemba hadi 1897, na huku Tanganyika hadi 1922. Basi anayesema kwamba neno hili liliwahi kutamkwa na mtumwa mbele ya bwana wake hajazua. Limetoka huko.

Lakini salamu ina watu wawili, nasi aghalabu tunachunguza nusu moja tu. Anayesalimiwa hujibu "marahaba". Neno hili ni la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya upana na nafasi. Anayelitamka humwambia mwenziwe: karibu, hapa pana nafasi. Mmoja anajishusha, wa pili anampisha. Sidai kwamba mabwana wa zamani waliyawaza hayo kila walipoitikia. Nasema tu kwamba mbegu ya maana nyingine ilikuwamo ndani ya salamu yenyewe, ikingoja udongo.

Udongo huo ulipatikana, miongoni mwa mahali pengi, huku kwetu bara. Babati iko penye makutano ya barabara: moja yatoka Arusha, nyingine yaelekea Singida, nyingine Kondoa hadi Dodoma. Hapa wanaishi Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi. Wabarbaig, ambao lugha yao ni ya Kinailoti. Warangi na Wambugwe, ambao ni Wabantu. Ukiongeza Wasandawe wa upande wa Kondoa na lugha yao ya vidoko, utaona kwamba ni sehemu chache za Afrika zenye mchanganyiko kama huu. Kila watu walikuwa na heshima zao kabla Kiswahili hakijafika. Wamasai wa mkoa wetu huu wa Manyara hadi leo humfundisha mtoto kuinamisha kichwa mbele ya mzee, naye mzee akakigusa kwa kiganja. Hakuna mguu unaotajwa pale.

Heshima, kila mahali, huazima kiungo cha mwili au vazi. Waingereza husema wanamvulia mtu kofia, na kwao mwanamume akiingia kanisani huvua kofia. Mswahili wa pwani akiingia msikitini huvua viatu, na kofia hubaki kichwani. Hata hivyo siku hizi magazeti yetu yamejaa "navua kofia", na sijasikia kijana yeyote akiukataa msemo huo kwa kuwa ulikuja na mkoloni. Tumeuazima na tukausahau ulikotoka. Kwa nini shikamoo peke yake ndiyo idaiwe hati ya kuzaliwa?

Kijana aliyasikiliza hayo yote, akaniambia nimejibu kama mwalimu. Akaenda kumuuliza bibi yake mwenyewe. Mama ni Mgorowa. Alimweleza kwamba bibi yake yeye hakuwahi kusema shikamoo maishani mwake. Salamu ile mama aliipata shuleni. Faida yake aliiona mnadani. Alipokutana na mzee, hakuhitaji kujua kwanza kama ni Mrangi au Mbarbaig, tajiri wa ng'ombe au mchunga wa watu. Alihitaji kuona mvi tu. "Hata maskini alipata marahaba yake," alisema mama.

Nadhani hapo ndipo lilipo badiliko kubwa katika historia ya neno hili. Halikufutwa, lilibadilishiwa bwana. Cheo kiliondolewa kitini, umri ukakalishwa. Na umri una uadilifu ambao cheo hakina, maana kila anayetoa shikamoo leo, akijaliwa uhai, ataipokea kesho. Mtumwa hakuwa na kesho ya namna hiyo.

Taifa nalo lilijaribu njia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno "ndugu" lilitiliwa nguvu ili kiongozi na mkulima waitane kwa jina moja. Lilikuwa jaribio la heshima lililo na nia njema, na hadi leo halijafa. Lakini vinywani mwetu, hasa tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, "mheshimiwa" ameota mbawa. Ndugu alitaka kutusawazisha; mheshimiwa ameturudisha kwenye ngazi.

Nami sasa lazima nimpe kijana haki yake iliyobaki. Wiki moja kabla ya kurudi chuoni alimsindikiza bibi yake katika ofisi moja kufuatilia karatasi. Nyuma ya meza alikaa kijana wa umri wake. Mama, mwenye miaka sabini na kitu, alisimama mbele yake, akasema: "Shikamoo, baba." Yule kijana akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mpwa wangu alirudi nyumbani uso umemshuka. "Mjomba," alisema, "ile je?"

Sikuwa na la kubisha. Ile ilikuwa salamu ya 1870. Neno likitolewa na mvi kwa kiti, linarudi lilikotoka, na miguu inashikwa kweli. Basi tatizo letu haliko katika asili ya neno; liko kwa yule tunayempa. Wahenga walisema heshima si utumwa, lakini hawakusema kwamba haiwezi kugeuzwa kuwa utumwa.

Asubuhi ya safari kijana alimwamkia bibi yake: "Shikamoo, bibi." Akaitikiwa, akashikwa kichwa. Kisha akamwomba ahadi moja: asimpe tena salamu hiyo kijana wa ofisini. Mama alicheka, akasema, "Nikikosa karatasi utanilipia wewe?" Hakuahidi.

Kwa hiyo naliacha jambo hili kwenu, nikifunga kwa beti moja:

Salamu ina mizizi, imetoka mbali sana,
Haikuzaliwa juzi, wala si neno la jana,
Mpe mkongwe mlezi, si mwenye cheo kijana,
Heshima haina bwana, wala mtumwa haina.