Al-Razi na Maradhi Yasiyorudi

Tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925 Miladia), aliandika risala juu ya ndui na surua, na kuyapambanua maradhi hayo kwa dalili zake. Katika itikadi yake yamo waliyoyapinga maulamaa, lakini katika tiba ni imamu.

Alijiuliza: kwa nini ndui huwapata zaidi watoto? Akajibu kuwa damu ya mtoto ni mfano wa maji ya zabibu yaliyokamuliwa sasa hivi. Hayana budi kuchacha. Yakishachacha, yamekwisha. Kwa maelezo hayo, aliyekwisha kuugua husalimika.

Tumesikia katika mihadhara ikidaiwa kuwa al-Razi ndiye aliyegundua chembe za kinga. Hatukubaliani. Chembe hai hazikuonekana ila kwa hadubini, katika karne ya 17 Miladia. Elimu ni amana, na kumsifu mtu kwa asilolisema si kumheshimu. Aliliona jambo la kweli, akakosea sababu yake.

Sababu tunayoijua leo ni hii. Kirusi kikiingia mwilini, chembe chache zinazokitambua huzaana kwa wingi na kupigana nacho. Vita vikiisha nyingi hufa, lakini hubaki baadhi zenye kumbukumbu. Kirusi kikirudi, nyingine hutoa kingamwili upesi, nyingine huziua chembe zilizovamiwa, na pengine mtu hata hahisi kitu.

Kumbukumbu hiyo hudumu muda gani? Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, ambako haikuonekana tangu 1781. Daktari Peter Panum wa Denmark alikuta kwamba kati ya watu 7,782 waliugua kama 6,000, lakini wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuguswa. Miaka 65!

Wapo wazazi wanaolishika jambo hili kuwa hoja: basi mtoto aachwe augue surua, apate kinga ya maumbile bila ya chanjo. Surua, mbali na kuweza kuua, ina hila ambayo al-Razi hakuijua: kirusi chake huzivamia chembe zenyewe za kumbukumbu. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa. Baada ya kuugua surua, walikuwa wamepoteza baina ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Waliochanjwa hawakupatwa na hasara hiyo. Mtoto huyo hupata kinga ya surua, na mengine aliyokwisha kuyashinda huanza kupigana nayo upya.